Hello haikuwa salamu

Wengi tunachukulia hello ni salamu ya kale ya Waingereza, kumbe wala. Shakespeare hakuiandika hata mara moja. Kwa spelling hiyo inaanza kuonekana kwenye magazeti ya Marekani miaka ya 1820, na hapo haikuwa ya kumsalimia mtu, ilikuwa ya kushtuka au kumwita aliye mbali, kama sisi tunavyosema "we!". Ina ndugu zake kina hallo, hullo na holla, yote makelele ya kuita tu, wawindaji walikuwa wanawahimizia mbwa wao, na wapo wanaoirudisha hadi Kijerumani cha kale, ukelele wa kumwita mwenye mtumbwi aje akuvushe mto. Hiyo ya mtumbwi naipenda mno.

Sasa ikaja simu. Alexander Graham Bell, mvumbuzi wa simu, alipata hataza yake (haki ya kisheria ya uvumbuzi) Machi 1876, na mwanzoni watu waliona laini itakuwa wazi muda wote kati ya ofisi mbili, sasa yule wa upande wa pili atajuaje kama unamtaka? Wengine wakasema ifungwe kengele. Thomas Edison, tarehe 15 Agosti 1877, akamwandikia jamaa wa Pittsburgh, Marekani, aliyekuwa anajiandaa kuingiza simu huko, akamwambia kengele haitahitajika, hello inasikika futi 10 mpaka 20. Yaani lilichaguliwa kwa sababu linapigika kwa sauti! Ndo kazi ileile tunayoipa mtandao ukikata, "halo? halo? unanisikia?", hapo humsalimii mtu, unamtafuta.

Bell mwenyewe alitaka ahoy, ukelele wa mabaharia, na hakuiacha maisha yake yote, lakini watu hawakumfuata. Mwaka 1878 kitabu cha simu cha New Haven, mji wa Marekani, kikawa kinaelekeza wateja waanze na hulloa, wakimaliza waseme "that is all", yaani basi ni hayo tu. Hiyo ya mwisho ilikufa, na sishangai, ni kavu mno. Baadaye wadada wa switchboard, waliokuwa wanaunganisha simu za watu, wakaitwa kabisa hello girls, na mimi naamini hao ndo walioilainisha, maana mtu akiitamka kwa upole kutwa nzima haiwezi kubaki kelele ya mbwa.

Wafaransa waliichukua ikabaki ya simu, allô, ukikutana na mtu njiani ni bonjour. Waitaliano wala hawakuitaka, wakipokea simu wanasema pronto, yaani niko tayari.