Mstari wa Kabila

Nilikuwa darasa la saba tulipogawiwa fomu iliyokuwa na mstari mmoja ulionishinda: kabila. Wenzangu waliujaza upesi, Mgiriama, Mkamba, Mtaita, wakatoka kucheza. Mimi jina letu la ukoo ni la Kizungu na nyumbani tulisema Kiswahili tu. Mwalimu akaniuliza, darasa zima likisikia, "Wewe huna kwenu?"

Nikampelekea bibi ile fomu. Aliisoma, akaikunja mara mbili, akaitia kwenye pindo la leso, akanishika mkono. Tukatembea mpaka Kengeleni, hapa Mombasa. Hapo nilipita kila siku ya Mungu. Makanga waliliita jina hilo tangu sijajua kusema, nami sikuwahi kujiuliza ni kengele gani.

Tulisimama chini ya mnara wa kengele, magari yakituvumia masikioni. Bibi akabandika kiganja ukutani pa ule mnara, kama anavyompima mtoto homa.

"Hii ilikuwa ikilia, watu walijua wauza watumwa wanakuja," akasema. "Mzee wetu aliisikia."

Mambo ya miaka niliyajua baadaye. Mwaka 1873 Sultani Barghash alifunga soko la watumwa la Unguja, lakini majahazi yaliendelea kubeba watu kwa siri. Manowari za Waingereza zilipoyakamata, waliokombolewa walihitaji pa kuishi. Ndipo wamisionari wa Kianglikana wa shirika la CMS (Church Missionary Society) wakaanzisha kijiji huku ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, mnamo 1875, wakakiita Frere Town kwa jina la Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyepinga biashara ya watumwa. Wengine walioishi hapa walikuwa wamepitia Nasik, Bara Hindi, wakasomeshwa huko na kurudi na majina ya kigeni. William Jones, mtumwa aliyekombolewa, alifanywa shemasi mwaka 1885 na Askofu James Hannington.

Lakini siku ile bibi hakunitajia askofu yeyote. Alinieleza juu ya mtoto.

"Aliletwa mdogo mno. Hakujua hata mto wa kwao unaitwaje. Walimuuliza mama yako nani, akasema, Mama."

Akanyamaza kidogo. Mimi pia.

"Sasa nani angemposea mke? Nani angemzika? Waliokaa naye benchi moja kanisani. Huyu akawa shangazi, yule akawa mjomba. Si wa damu, lakini msibani walikuja kama wa damu."

Hapo nikaelewa kwa nini kila Jumapili baada ya ibada ilituchukua saa nzima kutoka kwenye ua wa kanisa, bibi akiamkia huyu na yule, na kwa nini nilikuwa na mashangazi wengi kuliko rafiki zangu wote. Wanaosimulia historia ya kanisa letu huanza na wamisionari. Kwangu mimi inaanza na yule mtoto aliyejibu "Mama".

Usiku bibi alifungua pindo, akainyoosha fomu mezani kwa mkono wake mkavu.

"Andika Mmisheni."

Nilikuwa najua kuandika vizuri. Hata hivyo alinitajia herufi moja moja, akingoja niimalize kila moja ndipo ataje nyingine.