Nilivyoondoa hatari ya vielekezi vitupu katika programu ya C

Programu niliyokabidhiwa kuitunza ilisoma orodha ya malipo kutoka kwenye faili. Ilipojengwa kwa -O0, yaani bila kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa programu tekelezi) kuuboresha msimbo, haikuwa na tatizo, lakini ilipojengwa kwa -O2, yaani kwa uboreshaji, ilianguka kila ilipopewa faili lisilo na malipo hata moja. Kosa linalojitokeza pale kompaila inapoanza kuboresha msimbo ni dalili kubwa ya tabia isiyofafanuliwa, yaani tendo ambalo kanuni za lugha ya C hazitoi ahadi yoyote juu ya matokeo yake.

Chanzo kilikuwa mwito wa memcpy, fankisheni inayonakili baiti kutoka sehemu moja ya kumbukumbu kwenda nyingine. Faili likiwa tupu, kielekezi (thamani inayoshika anwani ya kumbukumbu) cha mahali pa kunakilia kilikuwa NULL, yaani kitupu, kisichoelekeza popote, na idadi ya baiti ilikuwa sifuri. Ukaguzi wa NULL ulikuwepo, ila uliandikwa chini ya mwito huo. Hata kwa baiti sifuri, C23, toleo la sasa la kanuni za C, bado inadai vielekezi vya memcpy viwe halali (kamati ya lugha ilikubali mwaka 2024 kulilegeza sharti hili katika toleo lijalo), kwa hiyo GCC, kompaila niliyotumia, ilihitimisha kwamba kielekezi kilichokwisha kupitishwa humo hakiwezi kuwa NULL, ikaufuta ukaguzi uliofuata, na programu ikaenda kusoma anwani ya sifuri. Kerneli (kiini) ya mfumo wa Linux ilipatwa na jambo la jamaa hiyo mwaka 2009 katika msimbo wa kifaa cha tun (kifaa cha mtandao kilichoundwa kwa programu): tun->sk (sehemu ya sk inayofikiwa kupitia kielekezi tun) ilisomwa kwanza, tun ikakaguliwa kama ni NULL baadaye, na kompaila ikauondoa ukaguzi. Hapo madhara yalikuwa makubwa zaidi, kwani palifunguka njia ya mtumiaji wa kawaida kujipatia mamlaka ya msimamizi.

Nilihamishia kila ukaguzi juu ya matumizi ya kwanza ya kielekezi, na memcpy nikaiweka ndani ya if (idadi > 0). Kisha nikaamua kwamba data inayotoka nje ikaguliwe mara moja tu, inapoingia. Fankisheni za ndani zinadai kielekezi halali na kulithibitisha dai hilo kwa assert, ambayo huisimamisha programu dai lisipokuwa kweli. Naona mpangilio huu ni bora kuliko kutawanya ukaguzi kila mahali, kwa sababu msomaji anajua ni nani mwenye wajibu.

Kilichonisaidia zaidi ni -fsanitize=undefined, chaguo la kompaila linalotafuta tabia isiyofafanuliwa programu inapoendeshwa, ambalo lilinitajia mstari wenyewe na hoja iliyokuwa NULL. Chombo hiki huona tu njia ambazo programu imezipitia, hivyo niliongeza majaribio ya faili tupu, faili lililokatika katikati, na malloc (fankisheni ya kuomba kumbukumbu) inayorudisha NULL. Chaguo la -fno-delete-null-pointer-checks, linaloizuia kompaila kufuta ukaguzi wa NULL na ambalo Linux hulitumia, sikulichukua kuwa tiba, maana msimbo ungebaki na kosa lile lile mbele ya kompaila nyingine.

Ukaguzi wa NULL uliotangulia free (fankisheni inayoachilia kumbukumbu) niliuondoa wote, kwa kuwa free(NULL) inaruhusiwa na haifanyi lolote.