Nazi za Kutoka Dodoma

Viti vya Hiace niling'oa kabla sijamwambia mke wangu. Alirudi sokoni akavikuta vimepangwa uani safu kwa safu, na mwanetu amekaa cha mbele anapiga honi kwa mdomo. Hakusema kitu. Alivuta kimoja, akakalia, akaanza kuchambua mchicha.

Gari ile ilitulisha miaka sita, Mbagala–Kariakoo. Lakini kufikia 2016 abiria wangu walishazoea kunyoosha miguu kwenye Coaster, na hesabu ya siku ilikuwa haitimii. Mwezi Julai mwaka huo Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali inahamia Dodoma. Uamuzi wenyewe ni wa 1973. Sisi tumezaliwa tukiusikia, tumeota ndevu tukiusikia. Ila Septemba Waziri Mkuu akahama kweli. Siku hiyo nilikuwa kwenye foleni ya Tazara, redio imewashwa, nikajiuliza: Waziri Mkuu atabebewa vitu na malori ya serikali. Karani naye atabebewa na nani?

Mteja wangu wa kwanza wa Dodoma alipatikana Februari 2017. Mama mmoja mtumishi wa wizara, anakaa Tabata, amepata nyumba Kisasa. Tuliongea kwa simu.

"Mizigo mingi, mama?"

"Vitu vichache tu, mwanangu. Mimi na watoto wawili, tuna nini sisi?"

Nikamtajia laki tatu na nusu. Hakuomba hata punguzo, na hapo ningeshtuka kama ningekuwa na akili. Mtu wa Dar asiyeomba punguzo anajua jambo usilolijua.

Tulifika kwake saa kumi na moja alfajiri, mimi na shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, ambaye ndiye alikuwa tandiboi. Taa ya sebuleni ilikuwa inawaka. Shem alichungulia, akarudi kwenye gari. "Shemeji, ulisema vitu vichache."

Kitanda cha sita kwa sita na viwili vya watoto. Makochi. Kabati la vyombo lenye vioo, na vyombo vyake ndani, havijafungwa. Mtungi wa gesi, cherehani ya miguu, ndoo zisizo na idadi, friji la milango miwili lililonizidi kimo. Mlangoni, kinu na mchi wake, mbuzi ya kukunia, na gunia la nazi.

"Mama, Dodoma nazi zipo."

"Zipo, lakini zimechoka."

Tulipakia mpaka saa nne. Magodoro ndiyo yaliyotuokoa: moja ubavu huu, moja ubavu huu, vioo katikati vimeviringishwa kwa khanga zake. Vitanda tukavifungua na kuvipandisha kwenye keria pamoja na ndoo. Kochi la watu watatu lilikataa kila upande tuliolijaribia, likabaki kwa jirani. Mama alilitazama likivukishwa uwanja kama anayemsindikiza mgonjwa.

Likabaki friji. Paa la Hiace ni fupi; kusimama lisingesimama hata kwa dua.

"Friji halilali," mama akasema. "Fundi aliniambia. Likilala limekufa."

Nikampigia fundi wangu wa Mbagala, nikaweka sauti ya nje ili mama asikie. Fundi alieleza kwamba ndani ya kompresa mna mafuta, na ukililaza friji yale mafuta yanaweza kuhama yakaingia kwenye mabomba ya gesi. Ukiliwasha papo hapo, kompresa inasaga bila mafuta. "Lilazeni ubavu, polepole. Likifika lisimamishwe, na asiligusie umeme mtu yeyote mpaka kesho asubuhi."

Mama akanigeukia. "Umesikia? Likifa, ni wewe."

Tukalilaza. Yeye na watoto wakatangulia na basi.

Kuna jambo nilikuwa sijalifikiria. Mstari wa ruti ulikuwa bado uko ubavuni mwa gari, na kuanzia Ubungo mpaka Kimara watu walitusimamisha kila kituo. Kijana mmoja alikimbia pembeni yetu akigonga bodi, mpaka alipokutana uso kwa uso na cherehani. Shem akafungua kioo akamwambia, "Kuna nafasi ya kusimama tu."

Kutoka Dar hadi Dodoma ni kama kilomita 450. Nilipigwa tochi mara mbili kwenye vibao vya hamsini, kila moja elfu thelathini, na zote mbili nilistahili. Nilikuwa nakimbizana na jua. Lakini jua lilinishinda. Gairo tulifika giza limeingia, upepo umekamata ndoo za kwenye keria zinapiga kelele kama ngoma ya harusi. Tulisimama tukazifunga upya, mikono inatetemeka kwa baridi. Sisi watu wa Mbagala tulikuwa na fulana.

Kisasa tuliingia saa sita kasoro usiku. Tukashusha kila kitu, friji tukalisimamisha pembeni ya soketi, na hapo ndipo kazi ilipoanza. Mtoto mkubwa alishashika waya. "Mama, nataka maji ya baridi." Nikampokonya. Nikaomba nilale palepale sebuleni. Nilivua fulana, nikaviringishia plagi, nikaifanya mto. Sikupata usingizi wa maana. Nilikuwa napiga hesabu ya bei ya friji la milango miwili, nikaigawa kwa safari. Mafuta ya kwenda na kurudi ni kama lita 90, hiyo karibu nusu ya pesa imekwenda. Faini elfu sitini. Shem elfu arobaini, na chakula chetu. Faida isingetosha hata mlango mmoja.

Saa kumi na mbili asubuhi mama akatoka na khanga kifuani. "Haya. Washa."

Nikachomeka. Kimya. Shem akatazama ukutani. Mama akanitazama mimi. Nadhani zilipita sekunde ishirini, labda kumi, halafu ndani kule pakalia *tik*, na friji likaanza kunguruma taratibu kama paka aliyeshiba.

Mama hakusifu. Alikwenda jikoni, akarudi na chai, akahesabu pesa iliyobaki mbele yangu noti kwa noti. Tulipokuwa tunaondoka akatuita turudi, akafungua gunia, akachagua. Alitingisha kila moja sikioni kwanza.

Nilifika Mbagala usiku, gari tupu. Mke wangu akamulika tochi ya simu ndani ya Hiace, akaona nazi mbili zinabingirika kwenye sakafu.

"Umekwenda Dodoma," akasema, "ukaninunulia nazi?"