Gololi Inavutwa na Nini?

Mwaka 2012 nilikuwa Nanyuki kwa mazoezi ya ualimu, nikapewa klabu ya sayansi ya kidato cha tatu. Nikataka kuwaonyesha mambo ya Einstein kuhusu uvutano. Wasichana wanne wakashika pembe za shuka la bweni, wakalikaza, nikaweka jiwe katikati, shuka likabonyea. Nikaviringisha gololi. Ikalizunguka jiwe mara mbili, ikatua ubavuni mwake.

"Mnaona? Jua haliivuti dunia. Limepinda nafasi."

Msichana mmoja wa nyuma, ambaye hata shuka hakushika, akauliza: "Mwalimu, na gololi imeteremka ikivutwa na nini?"

Nilikuwa nimeeleza uvutano kwa kutumia uvutano. Nikasema tutaendelea Ijumaa ijayo.

Usiku nikachora mistari miwili juu ya chungwa. Mtu mmoja aondoke Nanyuki penye kibao cha ikweta (wale wa kuwaonyesha watalii eti maji ya beseni hubadili upande wa kuzunguka ukivuka ikweta wanatafuta riziki tu, ikweta haina habari na beseni), mwingine aondoke Kayabwe, Uganda. Wote waende kaskazini moja kwa moja. Wanaanza sambamba, wameachana kwa zaidi ya kilomita 500, na kwenye ncha ya dunia wanagongana. Hakuna aliyemvuta mwenzake, ni mpindo wa dunia tu. Hapo sawa. Lakini jiwe lililotulia mkononi mwangu haliendi popote. Nikiliachia, nani analianzisha?

Swali hilo lilinisumbua siku tatu, mpaka nilipoona mkokoteni sokoni, gurudumu moja limeshikwa na matope. Kijana anasukuma mbele, mkokoteni unakata kona kuelekea upande wa gurudumu zito. Nikasimama pale pale. Jiwe langu lilikuwa safarini muda wote, katika wakati, kama sisi sote. Na karibu na ardhi wakati huenda polepole kuliko juu: kwa sababu ya kimo tu, saa za setilaiti za GPS, zile zinazoiambia simu iko wapi, hutangulia za kwetu kwa mikrosekunde (sehemu za milioni za sekunde) 45 hivi kila siku. Ni kitu kidogo mno, lakini ndilo gurudumu zito, na njia ya jiwe inapinda kuja chini.

Ijumaa nikawaeleza. Yule msichana akachukua chungwa, akaliachia.

"Kwa hivyo lilikuwa linaenda zake tu?"

"Zake tu."

"Na huu uzito ninaousikia nyayoni?"

"Ni sakafu inakuzuia kwenda zako."

Akaliokota, akalifuta vumbi kwenye sweta, akaanza kulimenya.