Tulivyokinusuru Kituo Chetu cha Umeme Bei Iliposhushwa Hadi Shilingi 100

Washauri waliotutembelea kijijini walitutaka tuanze na mtambo mkubwa, mkopo na leseni. Mimi ni katibu wa jumuiya yetu ya umeme wa maji mkoani Njombe, na bado nakereka nikikumbuka muda tuliopoteza tukiwasikiliza watu ambao hawakuwa wamezisoma kanuni. Sheria ya Umeme ya mwaka 2008 iliwafungulia milango wazalishaji wadogo, na chini ya kanuni zake mradi usiofikia megawati 1 hauhitaji leseni bali usajili wa EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji. Ukiwa chini ya kilowati 100, hata bei ya kuuzia wateja haikuhitaji idhini ya awali, isipokuwa asilimia 15 yao wailalamikie. Maporomoko yetu yangeweza kutoa zaidi, lakini tulijenga mtambo wa kilowati 60 hivi, kwa hiyo ukubwa wake uliamuliwa na kanuni kuliko na mto wenyewe. Kibali cha maji tulikipata kwenye ofisi ya bonde la maji bila matata.

Ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya nguzo. Mshauri mmoja alishikilia kwamba tukate miti yetu wenyewe tuisimamishe ikiwa mibichi, ili tuokoe fedha. Nilikataa katakata, nikasimama mbele ya mkutano wa kijiji na kueleza kwamba gridi ya Taifa ikifika, kanuni zinamruhusu mzalishaji mdogo kuiuzia TANESCO, shirika la umeme la Taifa, umeme wa jumla, kununua kwao na kuendelea kusambaza, au kulipwa fidia ya miundombinu yake, mradi tu miundombinu hiyo iwe imejengwa kwa viwango vinavyokubalika. Tulinunua nguzo za mikaratusi zilizotiwa dawa, kila moja kwa laki mbili na ushei pamoja na usafiri, na nasimama na uamuzi huo hadi leo.

Pigo lilikuja mwaka 2020, Serikali ilipoagiza bei ya mitambo midogo vijijini ishuke hadi shilingi 100 kwa uniti. Sisi tulikuwa tukitoza kama mia nne. Majirani zangu walishangilia, na walikuwa na haki, kwa maana hakuna sababu mkulima alipe mara nne ya alichokuwa akilipa mteja mdogo wa TANESCO. Lakini TANESCO hugawanya gharama zake kwa mamilioni ya wateja, ilhali jumuiya ya kaya mia mbili na kitu haina wa kugawana naye gharama ya beringi iliyokwisha. Sera iliyomtazama mteja peke yake ilikuwa karibu kutuzimia mtambo.

Jibu tulilipata ndani ya nyumba ya mitambo. Mtambo wa maji hauzimwi usiku, na watu wakilala, kidhibiti hupeleka umeme wa ziada kwenye vipasha joto vilivyowekwa ili mashine isizunguke kupita kiasi. Joto lile lote lilikuwa likipotea hewani. Tulijenga chumba kando ya ukuta ule, tukapanga trei za wavu, tukaweka feni ya kuvuta hewa ya moto, na wakulima wakaanza kuleta pareto, maua yenye sumu ya kuulia wadudu. Maua hutandazwa kwa unene wa kidole na kugeuzwa mara kwa mara, na mlinzi wa zamu hutazama kipimajoto, kwa sababu moto ukizidi sumu ya pareto hupungua na mnunuzi hushusha daraja. Wakati wa masika, maua yaliyoanikwa nje huoza na kuwa meusi, lakini yetu hutoka makavu yakiwa na rangi yake. Bei ya uniti hupangwa na Serikali, lakini ujira wa kukausha kilo moja ya pareto ni makubaliano ya mkulima na jumuiya. Tuliongeza mashine ya kusaga inayofanya kazi mchana, na mapato yakarudi karibu na yale ya zamani. Kwa wanaouza umeme wa jua uliohifadhiwa kwenye betri njia hii ni ngumu zaidi, na ndiyo maana naamini kwa dhati kwamba bei moja ya Taifa lazima iambatane na ruzuku ya uendeshaji, mbali na ile ya ujenzi inayotolewa kupitia Mfuko wa Nishati Vijijini.

Sasa nguzo za gridi zimefika kijiji cha jirani. Mkutano mkuu umekwisha kuamua tuombe mkataba wa kuiuzia TANESCO umeme, huku chumba cha pareto kikibaki chetu. Anayeanza leo na atunze risiti ya kila nguzo na kila mita ya waya, kwa kuwa wakaguzi watakapokuja, hizo ndizo watakazoziomba.