Dagaa walewale, kila mteja na lake

Mwanza nzima inawajua dagaa. Ukiingia soko la Kirumba Mwaloni unawakuta wamerundikwa, na bei kila mtu anaijua kabla hajauliza. Wangu ni ghali kidogo kuliko wa pale, kwa sababu nawaanika juu ya vichanja vya nyavu, siwamwagi mchangani. Mbao, nyavu, kibarua wa kuwageuza na kufukuza kunguru, vyote vinataka hela. Sasa nani atakubali kuongeza, na aongeze kwa ajili ya nini? Jibu nililipata kwa kwenda kukaa na wanunuzi pale pale wanapowatumia.

Nilianza na mama ntilie mmoja wa karibu na stendi. Nilimwangalia akiosha dagaa wa mchangani: anawatikisa kwenye beseni, anawainua juu juu kwa viganja ili mchanga ubaki chini, anamwaga, anaanza upya. Maji ananunua kwa ndoo. Kila wakioshwa, vichwa vinakatika na vipande vinaondoka na maji. Na bado mteja wake mmoja aking'ata mchanga, kesho anakula kwa jirani. Nilimpa wangu, akawaosha mara moja, akaangalia chini ya beseni, akaniuliza, "Dada, hawa unawatoa wapi?"

Tangu siku hiyo mama ntilie siwaelezi habari za ubora. Nawaambia wapige hesabu ya ndoo za maji. Pakiti nzuri hawaihitaji, kwao ni gharama ya bure, kwa hiyo nawapimia kwa sado kwenye ndoo yenye mfuniko, na ndoo inarudi. Napeleka jioni ili alfajiri wawakute. Tena nawapa kwa mali kauli: wakishauza chakula cha mchana, wananilipa. Kwa mtu anayezungusha mtaji wa siku moja, hilo lina uzito kuliko tangazo lolote.

Wenye watoto wadogo ni habari nyingine kabisa. Wanajua kwamba dagaa huliwa mzima, na mifupa yake, na kwamba mtoto anafaidika kwa madini ya chokaa na protini. Hofu yao ni miba na harufu. Nikawasagia unga laini uliochekechwa, bila chumvi, kwa kuwa mtoto mchanga hapaswi kuongezewa chumvi. Kwenye pakiti naandika wazi: umri kuanzia miezi sita, tarehe ya kusaga, namna ya kuupika. Siandiki kwamba unatibu chochote, hata nikiombwa, maana mama akiahidiwa dawa anaweza kuchelewa kumpeleka mtoto hospitali. Ninapoalikwa kwenye vikundi vya akina mama, napika ndizi, naziponda, nachanganya unga, kisha mama anaonja kwanza yeye mwenyewe. Akishaonja, maneno yangu yanatosha kuwa machache.

Nyumba nyingi, mama anakwenda kazini na anayemlisha mtoto ni bibi. Mama analipa, bibi ndiye anayeamua kama unga utaingia sufuriani. Mama namtumia picha na maelezo kwa WhatsApp, bibi namfuata nyumbani, tunaongea Kisukuma, namwonyesha kipimo cha kijiko. Nisipompata bibi, mama harudi kununua pakiti ya pili.

Wanafunzi wa vyuo nawapelekea dagaa waliokaangwa tayari na pilipili na limau, pakiti ya shilingi 500, inayomtosha mtu mmoja na ugali wake. Hapo muonekano una kazi: pakiti iwe angavu, dagaa waonekane wanang'aa. Pakiti hizo hizo zinakwenda pia kwenye maduka makubwa, ila huko bila alama ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, hupokelewi. Tangu 2019 shughuli za chakula zilizokuwa TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, zimehamia TBS, kwa hiyo anayeanza leo aelekee huko.

Wafanyabiashara wa Kongo hawana muda wa stori. Wanachomoa dagaa katikati ya gunia, wanamvunja, akikatika kwa mlio wanazungumza bei. Akipinda, wanaondoka, kwa sababu gunia lenye unyevu litaota ukungu njiani.

Chenga zinazobaki nawauzia wafugaji wa kuku. Hizo nazitenga tangu kwenye kichanja, zinakaa stoo yake, kwenye gunia lisilo na jina langu. Mama aliyemnunulia mwanawe unga akiliona jina lile lile kwenye chakula cha kuku, hata umweleze vipi, hatanunua tena. Na ana haki yake.

Kuna jambo moja linawagusa wote: mwezi. Dagaa huvuliwa gizani kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka mitumbwi mingi inapumzika, dagaa wanaadimika na bei inapanda. Siku chache kabla nawatangazia wateja wa nyumbani waweke akiba. Mama ntilie siwapandishii, maana sahani yao ya wali haipandi bei kwa ajili ya mwezi. Pengo hilo nalifidia kwa pakiti za kukaanga, ambazo faida yake ni nene, na ambazo nazikaanga kwa wingi wakati wa giza, dagaa wanapokuwa wengi.