Pasipoti ya Yaya ndani ya beseni

Nilishasema sitaandika tena mambo ya mapasipoti, lakini tangu Yaya, dada yangu mkubwa, arudi Ubelgiji watu watatu wa diaspora wameniandikia kuuliza Goma, mji wetu huku mashariki ya Kongo, sasa mtu anaingiaje na akipata shida anaita nani, basi nawajibu wote hapa mara moja, mnisamehe nikizunguka kidogo.

Yaya yangu ameishi kule miaka kumi na nne na uraia wa kule alishachukua. Maana yake huku kwetu yeye ni mgeni, katiba ya 2006 inasema uraia wa Kongo ni mmoja tu, haukai pamoja na mwingine, kwa hiyo mtu aliyezaliwa Katindo, mtaa wa hapa Goma, kitovu chake kimezikwa Katindo, anaomba viza ili aje kumsalimia mama yake. Alicheka akituonyesha ile viza. Mama hakucheka.

Kuja ni kupitia Kigali, sababu uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa waasi wa M23 walipoingia mjini mwisho wa mwezi wa kwanza 2025. Unashuka Kigali, unapanda basi mpaka Gisenyi, unavuka mpaka pale Petite Barrière na mizigo yako kichwani. Zamani hiyo njia haikuwa na hofu kwa mwenye pasipoti ya Ubelgiji, maana ambasade yao, ubalozi, ilikuwa pale pale Kigali, ukipoteza kitu unarudi masaa machache unasaidiwa. Sasa tarehe 17 mwezi wa tatu 2025 Rwanda ikakata uhusiano na Ubelgiji, wanadiplomasia wakapewa masaa 48 waondoke. Ambasade nyingine iko Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 hata ukipima kama ndege anavyoruka, na sisi wa Goma wengi tukitaka kufika Kinshasa lazima kwanza tutoke nje ya nchi, Kigali, halafu Nairobi ao Addis Ababa, ndipo turudi ndani ya Kongo yetu wenyewe. Na msidhani sisi tuna nafuu, Kinshasa nayo iliita wanadiplomasia wake kutoka Kigali mwezi ule ule wa kwanza.

Yote hayo Yaya aliyajua juu juu tu mpaka siku ya nne.

Siku ya nne Mama aliamka saa kumi na mbili kufua, na Mama akifua hachagui, anakusanya kila nguo iliyo juu ya kiti. Mimi nilikuwa napiga mswaki uani nikamuona amesimama, mkono umejaa povu, ameshika kitabu chekundu kinadondosha maji. "Ee Mungu wangu, hii ni ya nani? Ilikuwa mu mufuko wa patalo!" Yaya alitoka na kitenge kimoja, kelele zake majirani wote walijua. Mtoto wa ndugu yetu akasema tuizike ndani ya mchele kama simu, Mama akataka kuiweka karibu na babula, jiko la makaa, mimi nikasema hapana itajikunja, mwishowe tukafanya yote, mchele kwanza halafu babula kwa mbali, tunapitisha vipande vya gazeti katikati ya kurasa moja moja. Ukurasa wa picha ni plastiki ngumu, huo haukufanywa kitu. Lakini muhuri mmoja ulikuwa umegeuka wingu la bluu.

Ndipo tukafungua simu kusoma maelezo ya wizara yao ya mambo ya nje, na Yaya akakiri hajawahi kuyasoma hata mara moja. La kwanza tu, wanawaambia raia wao wasije kabisa Kivu ya Kaskazini. Hilo si la kupuuza, sababu bima nyingi za safari hazilipi kitu ukienda pahali serikali yako imekukataza, na yeye alikuwa analipia bima! La pili ndilo lilimrudishia pumzi: raia wa nchi ya Umoja wa Ulaya akiwa pahali ambapo nchi yake haina ambasade, ana haki ya kupiga hodi kwa ambasade ya nchi nyingine ya Umoja, na wanaweza kumpa karatasi ya dharura ya kurudia nyumbani. Kigali wako Wafaransa, wako Wajerumani. Kwa hiyo diaspora wa Ulaya, kabla hamjapanda ndege andikeni anwani za hao, na pasipoti piga kopi, moja acheni kwa mtu wa kuaminika.

Sehemu ya afya ndiyo ilileta ubishi nyumbani. Dawa za kuzuia malaria Yaya hakuleta, eti "mimi ni mtoto wa hapa." Dada, kinga ile ya utotoni inapungua ukikaa miaka Ulaya, damu yako sasa kwa mbu ni ya muzungu tu! Na homa inaweza kuja wiki nyingi baada ya kurudi, hapo mwambie dokta wa kule mara moja kwamba ulikuwa Kongo, usingoje akuulize, yeye atafikiri ni mafua. Kadi ya homa ya manjano, chanjo moja inatosha maisha yote, ndivyo sheria ya kimataifa ilivyo tangu 2016, hata kama kadi yako ya zamani imeandikwa miaka kumi. Lakini kama hujachanjwa bado, chanja siku kumi kabla. Mpox nayo, usilale shuka moja na mtu mwenye vipele, ambayo kwetu wageni wanalala watatu kitanda kimoja, haya.

Maji nilimpeleka kujionea mwenyewe kando ya ziwa. Pale watoto wanateka, wanapanga mabido, madumu ya njano, mstari, kijana mwenye jile, kizibao cha kazi, anapita na sindano isiyo na ncha, anavuta klore kwenye ndoo yake, anapiga kidogo ndani ya kila bido, anasema ngojeni nusu saa. Hakuna anayelipa. Yaya alisimama akaangalia muda mrefu, akauliza na wale waliopita bila kungoja? Nikamwambia ndiyo hao kipindupindu kinawakuta. Yale maelezo ya simu yanasema kunywa maji ya chupa. Sawa, ni ya kweli, ila nyumba ya watu tisa hainunui chupa.

Siku ya kuondoka nilimsindikiza mpaka barrière. Kijana wa uhamiaji alipofungua pasipoti kurasa zililia kama sambaza kavu, wale samaki wadogo wa ziwa. Akamtazama Yaya. "Ilinyeshewa?" Yaya akasema, "Ilifuliwa." Kijana alicheka mpaka akamwita mwenzake aje aone, wakageuza geuza, wakapiga muhuri. Brussels akaomba mpya wiki ile ile.

Mama sasa hafui suruali ya mtu bila kupapasa mifuko kwanza. Yangu alikuta ndani franka elfu tano, hiyo sijaiona mpaka leo.